Bei ya Papo na Bei ya Ahadi

Nchi yetu haijawahi kuishiwa shaba. Wengine wana mafuta, wengine wana almasi, wengine wana majirani wema tu. Sisi tuna shaba, na Ghala Kuu la Taifa limejaa mpaka panya wameomba uhamisho. Jina la nchi nalihifadhi. Si kwamba naogopa. Ni kwamba siku hizi jina hilo linatozwa ushuru kila linapotamkwa, na mimi ni mtumishi wa umma.

Cheo changu kilikuwa Msomaji Msaidizi wa Bei. Msicheke. Nilimaliza Kidato cha Nne na nikapewa cheti kinachothibitisha kwamba nilikuwepo. Ofisi yetu ilikuwa uwanja ulio mbele ya Ghala Kuu, na vifaa vya ofisi vilikuwa nguzo mbili, kamba mbili, bendera mbili na koo langu. Kila asubuhi wauzaji na wanunuzi wa shaba walikutana sokoni kando ya uwanja, wakabishana, wakatukaniana wazazi, wakapatana. Serikali ilikuwa bado haijagundua namna ya kuliingilia soko lile, maana lilianza mapema na Serikali huamka baada ya chai. Bei zikishatoka, mimi hupandisha bendera na kupiga kelele.

Nguzo ya kushoto ilikuwa na bendera nyekundu, ya bei ya papo. Hiyo ni bei ya shaba unayoitia begani leo hii ukaondoka nayo. Nguzo ya kulia ilikuwa na bendera ya kijani, ya bei ya ahadi. Hiyo ni bei unayolipa leo kwa shaba utakayokabidhiwa baada ya miezi mitatu, Mungu akipenda na Waziri akikubali. Bei ikipanda, bendera inapanda. Hata asiyejua a wala be alisimama pale uwanjani akasoma.

Miaka yote bendera ya ahadi ilipepea juu kidogo ya ile ya papo, na hakuna aliyeshangaa. Mwalimu Ntare, aliyetufundisha Biashara, alitueleza jambo hili kwa mahindi, kwa sababu ilikuwa saa ya njaa na hatukuwa na akili ya kitu kingine. "Wakati wa mavuno," alisema, "debe la leo ni rahisi. Ukitaka nikutunzie mpaka kiangazi, itabidi nipangishe ghala, ninunue dawa ya dumuzi, nimlipe mlinzi ambaye analala sana na anaiba kidogo. Kwa hiyo debe la kiangazi nitakuongezea bei. Hiyo ni dalili ya shibe. Lakini siku mkiona debe la leo lina bei kuliko debe la miezi mitatu ijayo, enyi vichwa vya nazi, msishangilie kwamba mbele kuna unafuu. Jueni ghala ni tupu, na watu wako tayari kulipa chochote ili wasingoje. Mwenye njaa hapiki mavuno yajayo."

Swali lilikuja kwenye mtihani. Ni mojawapo ya machache niliyopata.

*

Basi asubuhi moja, sina hili wala lile, soko likanitupia bei, nikavuta kamba, na bendera nyekundu ikaipita ya kijani ikaenda zake juu.

Katika nchi yetu mali haigawanywi sawa, elimu haigawanywi sawa, lakini aibu kila mtu hupata fungu lake. Watu wakainamisha vichwa wakatazama viatu vyao. Wasio na viatu wakatazama vya wenzao. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua akalifunika sinia lake, kana kwamba vitumbua navyo vina macho.

Msomaji Mkuu, Bwana Lwitiko, akaja mbio akiwa na povu la sabuni shavuni.

"Kasimbi! Umelewa?"

"Bado, bwana."

"Hizi bendera mbona ziko hivi?"

"Ndivyo soko lilivyosema."

"Soko! Soko lina adabu gani? Vua shati."

"Shati langu, bwana?"

"Ulitaka nivue langu mbele za watu? Panda ukaifunike ile nyekundu!"

Nikapanda, nikaifunika bei ya taifa kwa shati langu, nikabaki na fulana yenye matundu. Nilijiona mzalendo. Huko chini mtu akasema, kwa sauti ambayo haikutaka kujulikana ni ya nani, "Afadhali bei. Sasa funika na hiyo fulana."

*

Kufikia adhuhuri Waziri alikuwa jukwaani. Mheshimiwa Daktari Mhandisi Bakunda: udaktari alipewa na chuo kimoja cha mbali, uhandisi alipewa na mkewe. Alishika kipaza sauti kama mtu anayeshika kuku wa kuchinja.

"Ndugu wananchi! Maadui zetu walisema mbele kuna giza. Leo nawauliza: mmeziona bendera? Bei ya papo iko juu. Bei ya ahadi iko chini. Maana yake nini?"

Wengi tulikuwa tunajua, na kujua ni hatari ukiwa karibu na jukwaa.

"Maana yake ni kwamba mbele ni nafuu! Taifa gani jingine duniani lina kesho ya bei rahisi kuliko leo? Ghali ni leo, ndugu zangu, na leo, nawaahidi, itapita!"

Makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, kwa sababu bila shati nilikuwa nasikia baridi.

"Kwa hiyo nawaomba msinunue shaba ya leo. Leo ni anasa. Wazee wetu walinunua leo? Wazee wetu walisubiri! Nunueni ahadi, ndugu wananchi, na chenji inayobaki mkawanunulie watoto daftari!"

Siku ileile ofisi yake ikabadilishwa jina ikawa Wizara ya Shaba na Subira. Dirisha la Ahadi likafunguliwa, lina pazia na feni. Na ikatoka sheria ndogo kwamba ni kosa kwa mtu yeyote kuutazama uwazi ulio kati ya bendera mbili kwa muda unaozidi mahitaji ya kawaida ya jicho, na kosa kubwa zaidi kwa Msomaji wa Bei kumweleza raia maana yake.

Lakini bendera nyekundu haikusoma sheria. Kila asubuhi ilizidi kupanda. Bwana Lwitiko akapeleka taarifa, Waziri akaja mwenyewe kutazama, akazunguka nguzo mara kadhaa huku amefumba jicho moja kama seremala.

"Bwana Lwitiko, tatizo si bendera. Tatizo ni nguzo. Ni ndefu mno."

"Zote mbili ni sawa, Mheshimiwa."

"Usawa ni jambo la moyoni. Chimbeni."

Tukachimba shimo chini ya nguzo ya kushoto, tukaizamisha, na bendera ya papo ikashuka chini ya ile ya ahadi kama zamani. Magazeti yakaandika kwamba mambo yametengemaa. Hapo Waziri akawa na hoja mbili, na zote alizitumia katika hotuba moja: kwanza, ule uwazi ni mzuri, pili, haupo. Bei ikipanda, tunachimba. Ikipanda tena, tunachimba tena. Mwishowe bendera ya papo ikawa inapepea usawa wa magoti, mpaka mbuzi wa mama wa vitumbua akaila pembe moja. Mbuzi akashitakiwa kwa kushusha bei bila kibali.

Siku moja sepetu zikagonga kitu laini, na shimo likaanza kujaa maji. Maji matamu, ya baridi, yasiyo na chumvi hata chembe. Yalipanda yakalowesha kamba. Wachimbaji wakayachota kwa kofia wakanywa. Waziri aliitwa, akasimama ukingoni akayatazama kwa masikitiko ya mtu aliyeletewa chakula asichoagiza.

"Nani ameomba maji?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Yamekuja yenyewe."

"Hii ni Wizara ya Shaba. Zibeni."

Yakazibwa kwa zege. Nasema hili kwa sababu ya mambo ya Majimbali, ambako ndiko kwetu.

*

Majimbali ni mji ulio juu ya mlima, na jina lake halikutiwa chumvi. Maji yanatoka kisima kirefu kwa pampu ya umeme, na bila pampu ni kushuka bondeni na kupanda, na bondeni kwenyewe wakati wa kiangazi unachota tope unaliomba msamaha. Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa Shangazi Nyamizi, dada wa marehemu baba. Ndiye aliyenilea. Siku aliyokuja uwanjani alishuka kwenye lori la mkaa, uso mweusi kwa vumbi, kanga yake kaifunga kibwebwe.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. We Kasimbi! Umefura! Wanakulisha hamira huko?"

"Ni hewa ya mjini, Shangazi."

"Hewa gani yenye mashavu? Haya, nisikilize, lori linarudi jioni. Mota ya pampu imeungua. Fundi kaifungua, kasema yote isukwe upya, na inasukwa kwa waya wa shaba, si kwa dua. Watu wamechanga. Wameuza mbuzi, wameuza baiskeli, Mzee Chubwa kauza redio yake na ndiyo ilikuwa mke wake wa pili. Nimepita hapo sokoni. Kuna mchuuzi ana robota moja la waya, anataka bei ya papo. Mchango wetu unatosha hapohapo, haubaki hata wa kununua chumvi. Umenifuata?"

"Nimekufuata."

"Sasa hapo dirishani pana kijana ana feni, ananiambia chukua ahadi, ni nafuu, miezi mitatu unapewa waya, na fedha inayobaki mnaziba na tangi linalovuja. Kamati imegawanyika. Nusu wanasema tubebe leo, nusu wanasema tungoje. Nikawaambia, jamani, mna kelele za nini? Mimi nina mtoto wangu anasoma bei za taifa. Yule hatanidanganya."

Bwana Lwitiko alikuwa nyuma yangu anafuta miwani. Aliifuta muda mrefu sana kwa miwani yenye kioo kimoja.

"Kwa hiyo niambie," Shangazi akasema, akaishusha sauti. "Bendera zinasema ahadi ndiyo ya juu. Mchuuzi anasema papo ndiyo ya juu. Mmoja kati yao ni mwongo. Mimi sitaki siasa, mwanangu, nataka jambo moja. Humo ghalani mna shaba, au hamna?"

Jamani, mlitaka nimjibu nini? Sheria ilikuwa wazi. Tena wiki ileile nilikuwa nimepimwa kiuno kwa ajili ya kizibao chekundu, maana nilikuwa nakaribia kupandishwa kuwa Msomaji Kamili, na kizibao kikishapimwa si vizuri kukiachia mwingine, kitampwaya. Nikajibu kama raia mwema.

"Mbele ni nafuu, Shangazi."

"Unasema wewe, au anasema yule wa kipaza sauti?"

"Bei ndiyo inasema."

"Na ghala?"

"Limejaa."

Akanitazama kidogo. Kisha akacheka, akanipangusa kitu begani ambacho hakikuwepo.

"Basi yamekwisha. Ningekuwa nimenunua leo kama mjinga." Akaenda Dirisha la Ahadi, akalipa, akapewa karatasi ya ahadi. Pale sokoni mchuuzi akampakilia mtu mwingine lile robota la waya, nikaliona likitoka langoni juu ya toroli.

"Umemjibu vizuri," Bwana Lwitiko akasema, akavaa miwani. "Kwa ufupi."

*

Kizibao kilinikaa vizuri.

Habari za Majimbali zilikuja kwa madereva wa mkaa. Kwamba wanawake wanaondoka alfajiri kwenda bondeni. Kwamba watoto wa shule wamepunguziwa masomo ili wapate muda wa kuchota. Kwamba pale zahanati, mjamzito sasa anaambiwa aje na wembe, kitenge na ndoo yake ya maji, na asiye na ndoo anangoja mwenzake ajifungue amwazime yaliyobaki. "Lakini wana matumaini," dereva mmoja akaniambia. "Shangazi yako anawatuliza. Kila wakilalama anawaambia, tulieni, nimethibitisha mwenyewe." Nikamwambia dereva anisalimie watu wote. Kisha nikaenda kupandisha bendera.

Miezi mitatu ilipotimia, wenye ahadi walikuja kuchukua mizigo yao. Walikuja na mikokoteni, na kamba, na nyimbo. Waziri akawapokea kwa heshima zote.

"Ndugu zangu, hongereni kwa kusubiri! Wizara imefurahishwa na subira yenu kiasi kwamba imeamua kuwaongezea."

"Kutuongezea shaba?"

"Kuwaongezea subira! Kila ahadi ya zamani itabadilishwa kwa ahadi mpya. Na hizi mpya, tazameni wenyewe, zina rangi mbili."

Watu walizipokea. Ndiyo, walizipokea. Nimeambiwa katika nchi nyingine watu wangevunja vioo. Sisi tulipanga mstari, tukawa tunatazamana pembeni, kila mtu akiona haya kuwa wa kwanza kusema kile ambacho jirani yake alikuwa anaona haya kukisema. Mstari ulikwenda vizuri sana. Shangazi Nyamizi hakuwemo. Niliambiwa baadaye kwamba siku hiyo alikuwa zahanati, amempeleka mkwewe, na ndoo.

*

Wanunuzi wa ng'ambo ndio waliotuletea balaa, kwa kuwa wale hawana haya. Walikuwa wamelipia meli nzima ya shaba, na walikuwa na simu za kuwapa bei za soko hata tukizika nguzo mpaka kuzimu. Wakatuma ujumbe. Uliongozwa na mama mmoja mrefu mwenye kofia ya majani, ambaye alikuwa na tabia mbaya ya kungoja jibu baada ya kuuliza swali.

"Mheshimiwa," alimwuliza Waziri pale uwanjani, "kama ghala lenu limejaa, kwa nini watu wako tayari kulipa zaidi kwa shaba ya leo kuliko ya baadaye?"

"Raia wetu wana haraka."

"Nchi nzima?"

"Ni vijana wengi."

"Ningependa kuliona ghala."

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja. Katika nchi yetu, nyumba ikikosa cha kupika, mama hapigi kelele. Anawasha moto, anabandika sufuria ya maji, anaifunika, na majirani wakipita anapitisha mwiko kidogo ili usikike. Jirani naye, ambaye nyumbani kwake amebandika maji hayohayo, husema, "Leo kwenu kunanukia!" na wote wanalala na heshima zao. Sisi tunaita kusitiriana, na ni jambo jema, likifanywa na mama kwa ajili ya wanawe. Waziri Bakunda alilifanya la kitaifa.

"Kuliona haiwezekani leo," akamwambia yule mama wa kofia. "Shaba inapangwa. Vumbi litawaumiza macho. Ila mnaweza kuisikia."

Na ndiyo maana sisi watumishi wa Wizara tulikuwa tumefungiwa ndani ya Ghala Kuu tangu asubuhi: makarani, wahasibu, wapishi wa chai, kila mmoja na sufuria, sinia, au mfuniko. Kikosi cha Mlio wa Shaba. Mimi, kwa ajili ya koo na kizibao, nilifanywa kiongozi.

Sasa niseme kuhusu ghala kwa ndani. Ni kubwa. Sakafu imefagiliwa vizuri. Ukikohoa, unajisikia ukikohoa tena kule mwisho, halafu mara ya tatu karibu na mlango, kama vile mtu anakuiga. Juu ya mihimili kulikuwa na shomoro. Katika kona moja kulikuwa na ufagio. Hiyo ndiyo orodha kamili ya akiba ya taifa.

"Pangaaa!" nikaimba.

Wakagonga: gwaaang!

"Sogezaaa!"

Gwaaang! Kutoka nje nilimsikia Waziri akisema, "Mnaisikia? Tani kwa tani!" Na kwa kweli ilikuwa inapendeza. Mhasibu mmoja mwenye tumbo alikuwa na mdundo wa kuzaliwa nao. Nikaingiwa na hisia. Nikafumba macho, mfuniko mkono huu, mwiko wa chuma mkono ule, nikalitikisa paa la nchi.

Mlango mkubwa ulikuwa umefungwa kwa ajili ya wageni. Ule mdogo wa nyuma ulikuwa na mlinzi, na mlinzi alikuwa na agizo la zamani kwamba yeyote mwenye karatasi ya mzigo uliotimiza muda aruhusiwe kuingia kuuchukua. Hakuna aliyekumbuka kulifuta agizo lile. Lilikuwa halijawahi kutumika.

Sikuusikia mlango. Nilichosikia ni kwamba midundo inapungua, mmoja baada ya mwingine, nikadhani wenzangu wamechoka.

"Gongeni!" nikasema, macho bado nimefumba. "Gongeni jamani, wageni wanasikiliza! Mnataka wajue?"

Hakuna aliyegonga. Nikafumbua macho.

Shangazi Nyamizi alikuwa amesimama katikati ya sakafu. Amekonda. Begani alikuwa na kamba ya kufungia mzigo, mkononi karatasi yake ya ahadi, ile ya kwanza, ya rangi moja. Nyuma yake, kwenye uwazi wa mlango, niliona wanawake wengine wa kwetu, na vidole vyao vyekundu kwa udongo wa bondeni. Wao walibaki pale kizingitini. Yeye akazungusha macho, kona hii, kona ile, juu kwa shomoro, chini kwenye ufagio. Hakuchukua muda, maana hapakuwa na cha kuyazuia macho. Kisha yakanifikia mimi. Yakakipitia kizibao, yakashuka mpaka kwenye mfuniko.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema. Adabu haina likizo.

Hakuitikia. Tangu nianze kusema, hajawahi kuiacha shikamoo yangu ianguke chini.

"Siku ile nilipokuuliza," akasema, "ulikuwa unajua?"

Mzaha huwa haunipungukii. Hata msibani watu hunikalisha mbali na wafiwa. Nikatafuta mmoja, mdogo tu, wa kuponyea. Nikapapasa huku, nikapapasa kule.

"Shangazi, mimi ni msomaji tu. Bei wanapanga wale wa—"

"Sikukuuliza nani anapanga."

"Sheria ilikuwa—"

"Wala sheria. Nimekuuliza wewe. Ulikuwa unajua?"

Yule mhasibu mwenye tumbo akainama, akaliweka sinia lake sakafuni taratibu, kwa hofu kwamba litalia. Likalia.

Nje, ukimya wetu ulikuwa umewafikia. "Ni mapumziko!" sauti ya Waziri ilipaa. "Sheria zetu za kazi ni kali sana!" Yule mama wa kofia akasema jambo ambalo sikulipata vizuri, lakini lilikuwa fupi. Nikamwangalia Shangazi, nikaangalia mfuniko. Nawaambieni ukweli, mkono wangu uliinuka. Uliinuka wenyewe, kama bendera, tayari kugonga, naye akaufuata kwa macho ulivyopanda mpaka ukasimama hewani.

"Nimekuelewa," akasema.

Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akatembea mpaka kwenye mlango mkubwa na kuvuta komeo.

Mwanga ukaingia. Akasimama pale katikati, mlango kauacha wazi nusu tu, na mwili wake umeziba nusu hiyo, ili walio nje wasituone. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatusitiri au alikuwa amesimama tu. Waziri alimwona, uso ukamchanua: mwanamke mtu mzima, wa shamba, mwenye kanga. Watu kama hao amewajua maisha yake yote. Hao hawaaibishi mtu.

"Hebu huyu hapa! Raia wa kawaida kabisa, hatukumpanga! Mama yangu, waambie wageni kwa kinywa chako. Humo ndani umeona nini?"

Yule mama wa kofia akavua kofia, akangoja jibu, kama kawaida yake. Shangazi akageuza shingo kidogo, akanitazama kwa bega, mimi na mfuniko wangu juu. Kisha akawageukia.

"Nimemwona mtoto wa kaka yangu," akasema. "Kingine sikukiona."